NYUMBA IKIPUNGUA, WATU WASIPUNGUZWE

Masomo: 2 Wafalme 4, 8-37; 2 Wafalme 8, 1-6; Mwanzo 13, 1-12



Neno letu mara hii ni juu ya kuhama nyumba. Hatusemi juu ya mtu anayetoka katika nyumba ya potopoto akiingia katika nyumba ya matofali ya kuchoma. Huyo hana lazima ya mahubiri. Amshukuru Mungu na awalipe mafundi deni lao. Tunasema juu ya kuhama kule kwingine, ambako watu hupenda kukufanya usiku. Mtu anatoka katika nyumba ya vyumba vitano, yenye baraza, jikoni ya nje na mwembe nyuma, anaingia katika vyumba viwili vya kupanga, mlango mmoja, choo cha kugawana na jamaa nne, na ukuta mwembamba hata jirani akikohoa wewe ndiwe unayeamka.

Kuhama kwa namna hii ni kwingi hapa Bunia. Sababu zake mnazijua, kwani zimepita milangoni mwenu. Kuna papa aliyekaa katika nyumba ya kazi. Kazi ikaisha, nyumba ikarudi kwa wenyewe. Kuna mama aliyefiwa na mume, na kabla matanga hayajaondoka ndugu za marehemu wameanza kupima parseli kwa hatua za miguu. Kuna ugonjwa: parseli imeuzwa ili upasuaji ulipwe, na deni bado halijaisha. Kuna vita. Vita ile iliyoanza Djugu katika mwaka 1999 na kuingia ndani ya mji huu katika mwezi wa Mei 2003 iliwatoa watu wengi katika nyumba zao, na wengine waliporudi walikuta hata mabati na milango vimekwenda. Kisha tangu mwisho wa mwaka 2017 moto uliwaka tena Djugu, baadaye ukafika sehemu nyingine za Ituri. Jamaa zilizokuwa na nyumba kubwa, shamba na ng'ombe huko vijijini zilijikuta katika vyumba vya kupanga hapa mjini, au kwa ndugu waliowapokea, au chini ya hema kule Kigonze.

Lakini kuna jambo moja ambalo tunataka mlitazame vizuri. Baada ya vita vya 2003, watu wa MONUC na wa mashirika walipokuja Bunia wakitafuta mahali pa kukaa, kulikuwa na wenye nyumba waliopangisha nyumba zao kubwa kwa dola, wao wenyewe wakaingia katika aneksi ya nyuma, vyumba viwili, pamoja na watoto. Je, nani aliwacheka? Walisifiwa kuwa watu wenye akili. Kodi ile ililipa masomo. Leo mjane akiingia katika vyumba viwili vya ukubwa ule ule, tunasikia kwamba ana laana, kwamba kuna kitu katika ukoo wake, kwamba hakutoa fungu la kumi. Chumba ni kile kile, bati ni lile lile, hata popo wa darini ni wale wale. Basi laana hiyo iko wapi? Haiko chumbani. Iko midomoni mwetu.

Mtume Paulo alikuwa mpangaji. Someni mwisho wa kitabu cha Matendo, sura ya 28: alikaa Roma miaka 2 katika nyumba ya kodi, tena akilindwa na askari, na humo aliwapokea wote waliomwendea. Na sisi tulio watoto wa kanisa hili tuna ushuhuda wa karibu zaidi. Papa Simon Kimbangu alihukumiwa kifo tarehe 3 Oktoba 1921. Hukumu ikageuzwa kuwa kifungo cha maisha, naye akawekwa katika gereza la Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, mpaka alipolala tarehe 12 Oktoba 1951. Miaka 30 katika mahali ambapo hakuna hata mmoja wetu angekubali kupapanga. Na waamini waliofukuzwa kutoka Bas-Congo wakatawanywa katika majimbo ya mbali, waliacha nyumba, mashamba na makaburi ya wazee wao. Watawala walifikiri kwamba kuwatawanya ndiko kuyazima maombi. Maombi yalienea pamoja nao, kibanda kwa kibanda, mpaka kanisa likakubaliwa na serikali tarehe 24 Desemba 1959.

Kwa hiyo wewe unayehama, mama, papa, hama mchana. Weka godoro juu ya kigari, pita mbele ya watu, wasalimie. Anayecheka leo, nyumba anayokaa naye hakuizaa.

Sasa tuje kwa mwanamke wa Shunemu, kwani yeye ndiye mwalimu wetu.

Maandiko hayatupi jina lake. Yanatuambia tu kwamba alikuwa mtu mkubwa, mwenye mali, mwenye mume na nyumba. Nabii Elisha alikuwa akipita njia ile, na mwanamke alikuwa akimshurutisha aingie ale. Kisha siku moja akamwambia mume wake: tumjengee mtu huyu chumba kidogo juu. Ndani ya chumba aliweka vitu vinne: kitanda, meza, kiti na taa. Tazameni vizuri. Mtu tajiri, aliyeweza kuweka vitu ishirini, anaweka vinne, na chumba kimetosha kwa nabii wa Mungu. Katika chumba kile kidogo ndipo alipopewa ahadi ya mtoto. Na mtoto yule alipokufa kwa kuumwa kichwa, mama hakumlaza katika vyumba vikubwa vya chini. Alimpandisha katika chumba kidogo, akamlaza juu ya kitanda cha nabii, akafunga mlango, akapanda punda, akaenda mpaka mlima Karmeli. Na mtoto alifufuka katika chumba kile.

Wengi wetu tunaishia hapo tukihubiri. Tunapenda muujiza, tunafunga Biblia. Lakini habari za mama huyu haziishi katika sura ya 4. Fungueni sura ya 8. Elisha anamwambia aondoke, kwa sababu njaa inakuja juu ya nchi, nayo itakaa miaka 7. Basi mama huyu, ambaye alijengea wengine chumba, anaacha nyumba yake. Anakwenda kukaa katika nchi ya Wafilisti, watu wasio wa kabila lake, watu ambao taifa lake lilipigana nao siku nyingi. Miaka 7 ya ugeni. Hatuambiwi alikaa katika nyumba gani huko, lakini mtu anayekimbia njaa hapewi nyumba ya baraza. Jambo tunaloambiwa ni lingine, na tunawaomba mlishike: nabii alimwambia aondoke yeye na watu wa nyumba yake, naye akaondoka yeye na watu wa nyumba yake. Maandiko yanalisema mara mbili, katika amri na katika kutii.

Wapendwa, katika lugha yetu neno nyumba lina maana mbili. Kuna nyumba ya kuta, na kuna nyumba ya watu. Tukisema nyumba ya Daudi, hatusemi juu ya matofali. Mwanamke wa Shunemu aliacha nyumba moja na kuondoka na nyumba nyingine. Ile ya kuta aliiacha Shunemu, ile ya watu aliitia njiani, wote, na hakupunguza mtu.

Hapo ndipo neno la leo lilipo. Kwani sisi tunafanya kinyume. Tunabeba kuta na kuacha watu.

Mmeona jinsi inavyokuwa. Nyumba kubwa ilikuwa na watu kumi na mmoja. Kulikuwa na wazazi, watoto watano waliozaliwa humo, koko mama yake papa, mtoto wa dada aliyekufa, na watoto wawili waliokuja na vita, ambao jamaa iliwapokea siku ile kwa machozi na kwa wimbo. Siku za nyumba kubwa wote walikuwa watoto wetu. Sasa nyumba imekwisha, na usiku mmoja kabla ya kuhama wazazi wanakaa juu ya kitanda na kuanza kuhesabu. Hesabu hiyo haiandikwi, lakini sisi wachungaji tunaijua, kwani matokeo yake hutufikia. Koko atapelekwa kijijini, ingawa kijijini hakuna mtu tena wa kumchotea maji. Mtoto wa dada ataambiwa abaki kwa jirani siku mbili tatu mpaka tujipange. Siku tatu zinakuwa mwezi, mwezi unakuwa mwaka. Na wale wawili waliokuja na vita watajiona wao wenyewe kwamba sahani zimepungua, nao wataondoka bila kufukuzwa. Tutasema: waliondoka wenyewe. Wako sokoni, wako penye magari, wanabeba mizigo na kulala chini ya meza za wauzaji.

Ukiingia katika vyumba viwili vya jamaa ile, unakuta nini? Unakuta viti vinne vikubwa vya saloni vilivyotoka katika nyumba ya kwanza, vimejaza chumba hata mgeni hupita kwa ubavu. Unakuta kabati la vyombo lenye vioo, sahani za harusi ambazo hazijaliwa tangu harusi, na televizioni mbili, moja imekufa. Kabati linalala ndani, mtoto analala kwa jirani. Je, mama wa Shunemu angeingia humo angesema nini? Yeye aliyehesabu kitanda, meza, kiti na taa?

Tunawaambia bila kuficha: kiuzeni kiti. Kinauzwa. Kiti hakitalia usiku, hakitakuuliza mama yake alikwenda wapi. Kwa bei ya viti vile utapata magodoro na mikeka ya watoto wote. Tunajua kwamba inauma. Viti ndivyo vilivyokuwa vinasema kwa wageni kwamba sisi tulikuwa watu. Lakini mgeni mwenye akili akiona watu kumi wamelala wote ndani na hakuna aliyetupwa, ameona utu mkubwa kuliko wa viti.

Kuna jambo zito zaidi, na juu ya hili kanisa letu, lenye karama ya unabii, lazima lijisemee lenyewe. Watu wengine nyumba ikipungua huja kwetu wakitaka maono. Wanataka waambiwe ni nani aliyekula nyumba. Na mara nyingi wamekwisha kumchagua, wanataka tu nabii aweke mhuri. Wanamleta mtoto wa miaka minane au tisa, na mara nyingi ni yule yatima, au yule anayekojoa kitandani, au yule anayesema usingizini. Wanasema: tangu huyu aingie, mambo yetu yamerudi nyuma.

Msituletee mtoto kwa kazi hiyo. Unataka kujua nani alikula nyumba? Deni lilikula nyumba. Vita vilikula nyumba. Ugonjwa ulikula nyumba. Mkubwa wa jamaa aliyeuza parseli bila kumuuliza mjane, huyo naye alikula, na labda bado anatafuna. Mtoto alikula sombe tu, na siku nyingine hata hiyo hakuipata. Elisha hakumtafutia mama wa Shunemu mchawi wa njaa. Alimwambia njaa inakuja, ondoka na watu wako. Huo ndio unabii: kumwonyesha mtu njia pamoja na watu wake wote. Unabii unaompunguza mtoto katika jamaa hatuutambui. Na msifikiri kwamba hili ni wazo la mchungaji mmoja. Katiba ya nchi yetu ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu cha 41, inakataza kumshitaki mtoto uchawi, na sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inakataza vilevile. Mtu akifanya jambo hilo katika jina la maombi, anaivunja sheria ya Mungu na ya serikali kwa siku moja.

Sasa tunasikia mama mmoja akisema moyoni: mchungaji, maneno yako ni mazuri, lakini vyumba ni viwili na watu ni kumi na mmoja, nao wavulana wamekuwa wakubwa, wasichana nao. Tulale namna gani? Mama, swali lako ni la haki, na mhubiri anayelikimbia hajawahi kulala katika vyumba viwili.

Kuna wakati ambapo mahali hapawezi kutosha. Maandiko yanakubali. Katika Mwanzo 13, nchi haikuweza kuwabeba Abrahamu na Loti pamoja, kwa sababu mifugo yao ilikuwa mingi, na wachungaji wa mifugo walikuwa wanagombana. Wakaachana. Kuachana kwenyewe hakukuwa dhambi. Lakini tazameni namna walivyoachana. Kwanza, waliongea. Abrahamu hakuondoka usiku, hakumwambia Loti nitakurudia kesho. Pili, yeye aliye mkubwa, mwenye haki ya kuchagua, alimwachia mdogo achague kwanza: kushoto au kuume. Kwetu ni nani anayechagua kwanza? Mara nyingi koko na yatima ndio wanaosikia habari ya mwisho, siku ile kigari kimefika mlangoni. Na tatu, ambalo ndilo kubwa, Abrahamu hakumfuta Loti katika hesabu yake. Katika sura ya 14 Loti alipotekwa vitani, Abrahamu alitoka na watu 318 wa nyumba yake akamfuata mpaka akamrudisha. Walikuwa hawalali tena mahali pamoja, lakini hesabu ilikuwa moja.

Basi kama lazima mtu alale penye pengine, alale pengine akiwa bado wa nyumba. Wavulana wawili wanaweza kulala katika aneksi ya ndugu wa kanisa na kurudi asubuhi kula uji nyumbani na kwenda masomoni kutoka nyumbani. Sahani zao zibaki. Majina yao yatajwe katika maombi ya jioni. Mzazi apite kuwaona, si siku ya sikukuu tu. Kwa wasichana tunaweka neno gumu zaidi: msiwapeleke kulala mahali ambapo hamjui vizuri ni nani analala humo. Afadhali wavulana na papa watoke, wasichana na mama wabaki ndani. Mmesikia mambo yaliyowapata watoto wa watu kwa sababu ya maneno haya mepesi, kwamba alale tu kwa jirani. Hatutayaandika hapa, lakini wamama wanayajua. Na ndani ya vyumba viwili, wekeni pazia, wekeni saa ya kuoga ya wasichana na saa ya wavulana, wazazi wawe na heshima katika maneno ya usiku. Pazia ni bei ya kitambaa kimoja.

Wengine wanasema haiwezekani kabisa. Tunawakumbusha, ninyi mliokuwa hapa, Mei 2003. Maelfu ya watu wa mji huu walilala karibu na uwanja wa ndege na kando ya kituo cha MONUC, chini ya plastiki, katika matope, na hali ile ilidumu mpaka baada ya askari wa Artémis kufika katika mwezi wa Juni. Hakuna nyumba ndogo kuliko zile zilizokuwa zimewahi kuonekana Bunia. Je, mlikuwa mnauliza kila mtoto aliyejipenyeza chini ya plastiki yenu ni wa tumbo gani? Mlisogea. Mlimfunika na kitambaa kilichokuwepo. Wengine wa watoto wale leo wana watoto wao, nao wanawaita ninyi koko. Kama tuliweza kusogea chini ya plastiki, namna gani tushindwe chini ya bati?

Maneno machache juu ya mambo ya serikali, kwani upendo bila akili huibiwa. Mwenye nyumba akitaka garanti ya miezi sita au kumi kwa vyumba vya kukaa, mjue kwamba sheria ya upangaji ya tarehe 31 Desemba 2015 haimruhusu kupita miezi 3. Andikeni masikilizano kwa karatasi, pande mbili zitie sahihi, na kila malipo yapate risiti. Na wewe mama mjane, usihame kwa sababu tu umeambiwa uhame. Kanuni ya Jamaa ya mwaka 1987, iliyotengenezwa upya mwaka 2016, inampa mume au mke aliyebaki haki ya kuendelea kutumia nyumba waliyokaa pamoja na vyombo vilivyomo. Wajane wengi wamekwisha kutoka kabla hawajasikia habari hii, na ndugu za marehemu hawana haraka ya kuwasomea. Njoo kwa wazee wa kanisa kwanza, ndipo tutakwenda pamoja kwa shefu wa kartie, na mbele zaidi kama ni lazima.

Tena juu ya hili mwanamke wa Shunemu ametangulia. Miaka 7 ilipokwisha alirudi, na nyumba yake na shamba lake vilikuwa mikononi mwa wengine. Hakukaa kando ya njia akisema kwamba mtu wa Mungu haendi mbele ya mfalme. Alikwenda, akalia mbele ya mfalme juu ya nyumba na shamba. Na saa ile ile Gehazi, mtumishi wa Elisha, alikuwa anamsimulia mfalme jinsi mtoto wa mama huyu alivyofufuliwa. Mama akaingia, na nani alikuwa pamoja naye? Mtoto wake. Gehazi akasema: mwanamke ni huyu, na mtoto ni huyu. Mfalme akampa ofisa wa kumrudishia vyote, hata mavuno yote ya shamba tangu siku alipoondoka.

Fikirini kidogo. Ushahidi wake mbele ya mfalme ulikuwa nini? Hatusomi juu ya kiti wala kabati alivyotoka navyo. Mtoto ndiye aliyekuwa ushahidi. Yule aliyemchukua katika safari ya njaa, wakati wa kula kidogo na kulala penye wageni, ndiye aliyesimama karibu naye siku nyumba iliporudi. Kama angalimwacha njiani kwa Wafilisti kwa sababu mahali ni padogo, Gehazi angalimwonyesha mfalme nani?

Hatuwaahidi kwamba kila nyumba itarudi. Kuna mashamba kule Djugu na Irumu ambayo wenyewe hawajui kama watayaona, na tusiwadanganye kwa jina la Bwana. Wengine watazeeka katika vyumba viwili, na huko watazikwa na watu watakaolia kweli. Hilo nalo Mungu analiona.

Basi tunatoa mashauri haya kwa parokia. Mkituita kufanya maombi ya kufungua nyumba mpya, ndogo au kubwa, tutakuja. Tutavua viatu mlangoni, tutaimba, tutaomba. Lakini kabla ya kuomba mchungaji atauliza maswali mawili: katika nyumba ya kwanza mlilala watu wangapi, na katika hii mnalala wangapi? Kama hesabu hazilingani, tutataka kujua kila mmoja yuko wapi, jina kwa jina, na kama kuna ambaye hajulikani aliko, tutaanza kwa kumtafuta. Maombi yatangoja. Msiudhike na mchungaji, ametumwa.

Wenye nafasi nao wana sehemu yao. Tunafundishwa upendo, amri na kazi, na kazi iko hapa. Kuna parseli katika kartie hii zenye aneksi iliyojaa mifuko ya saruji mitupu na baiskeli zilizokufa. Ondoeni baiskeli. Chumba cha Shunemu kilijengwa na mtu aliyekuwa na nafasi, kabla yeye mwenyewe hajajua kwamba siku moja atatafuta pa kulala.

Kwa juma hili kuna jamaa moja inayohama mwisho wa mwezi, watu tisa, kutoka nyumba ya vyumba vinne kwenda katika viwili. Wavulana wawili wamekwisha kupata mahali pa kulala kwa shemasi. Wamama wa kikundi watabeba vyombo Jumamosi asubuhi, mchana kweupe, na vijana walete vigari viwili. Bado koko wao, ambaye miguu yake haina nguvu. Anahitaji chumba kilicho karibu na choo, na mtu wa kumwamsha kwa maombi ya asubuhi, kwani hapendi kuyakosa. Aliye na chumba hicho amwambie shemasi kabla ya ibada ya Jumapili.

Neema ya Bwana wetu iwe pamoja nanyi nyote. Amina.